Vyakula tisa nilivyoacha, viwili vilivyokuwa na kosa

Mwanangu alikuwa na wiki tano na siku mbili nilipofungua nepi usiku nikakuta nyuzi za damu. Hazikuwa nyingi. Nyuzi tatu nne nyembamba, nyekundu kabisa, zimejichanganya na choo cha njano chenye kamasi kama ya mafua. Nilimtazama usoni nikitarajia kumwona amelegea, naye alikuwa ananitazama huku akirusha miguu, mtulivu kabisa. Nikamwamsha baba yake. Nepi ile tuliifunga kwenye mfuko, tukaipiga na picha, na asubuhi tukawa wa kwanza mlangoni kwa daktari wa watoto.

Naanza na nepi kwa sababu ilitusaidia kuliko maelezo yangu yote. Mzazi mwenye hofu husema "damu nyingi" kumbe ni tone, au husema "kidogo tu" kumbe si kidogo. Daktari aliiona kwa macho yake, hakulazimika kubahatisha.

Alimpima uzito, akamminyaminya tumbo, akaangalia njia ya haja kubwa kama kuna mpasuko. Akauliza kama ana homa, kama anatapika, kama ananyonya vizuri. Kila jibu lilikuwa zuri. Akasema mtoto mzima wa namna hii, anayenyonya na kuongezeka uzito, akitoa kamasi na nyuzi za damu, mara nyingi sababu ni mzio wa protini ya chakula anachokula mama. Protini hiyo huwasha sehemu ya mwisho ya utumbo wa mtoto. Mtuhumiwa wa kwanza huwa maziwa ya ng'ombe. Hali hii hujitokeza zaidi katika wiki za mwanzo za maisha, na watoto walio wengi huwa wamepona wakifikisha mwaka mmoja.

Mimi katika yote hayo nilisikia maneno mawili tu: maziwa yangu.

Nilirudi nyumbani nikiogopa kumnyonyesha. Siku nzima ile, kila alipogeuza kichwa kutafuta ziwa, moyo ulinienda mbio. Niliona kama ninampa sumu kwa mikono yangu mwenyewe. Jioni nikampigia daktari kumuuliza kama nimwachishe, nimpe maziwa ya kopo. Akanieleza taratibu. Mama akinywa maziwa ya ng'ombe, protini inayopenya hadi kwenye maziwa yake ni ndogo mno, hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni moja za gramu, na kuna akina mama ambao haionekani kabisa. Maziwa ya kopo ya kawaida ndiyo maziwa ya ng'ombe yenyewe. "Sasa mama, unataka kumkimbiza mtoto kwenye tone umtumbukize kwenye ndoo?" Akasema yapo maziwa maalumu ambayo protini zake zimevunjwavunjwa vipande vidogo, na yapo ya amino asidi tupu, yaani vijenzi vidogo kabisa vya protini, kwa watoto wanaoyahitaji kweli. Lakini mama anayetaka kuendelea kunyonyesha kwa kawaida anaweza, mradi abadilishe kilicho kwenye sahani yake.

Kabla hatujaagana alinitajia dalili za mzio wa aina nyingine, ile ya ghafla: mtoto kuvimba midomo au macho, kutoka vipele vya kuwasha mwili mzima ndani ya dakika chache, kupumua kwa shida, kutapika mfululizo, kupauka na kulegea. Hizo, alisema, hazisubiri asubuhi wala hazihitaji daftari. Ni kukimbia hospitali saa hiyohiyo. Na mtoto aliyewahi kuzionyesha harudishiwi chakula hicho nyumbani kwa majaribio ya mzazi. Naliandika hili mapema kwa makusudi, kwa sababu yote nitakayosimulia baadaye kuhusu kurudisha vyakula yalifanyika nyumbani kwa kuwa mwanangu hakuwa na mzio wa aina hiyo, na daktari alikuwa amelithibitisha jambo hilo kwanza.

Agizo lenyewe lilikuwa fupi: acha maziwa ya ng'ombe na kila kitokanacho nayo kwa wiki mbili hadi nne, halafu uyarudishe tuone. Nusu ya kwanza niliiandika kwenye daftari. Nusu ya pili, "uyarudishe tuone", sikuiandika. Nilidhani ni maneno ya kumalizia mazungumzo. Kutoiandika kuliniponza kwa zaidi ya miezi miwili.

Wiki ya kwanza nyumba yetu ilipokea maziwa ya aina tatu, yote kwa nia njema.

Mume wangu alileta maboksi ya maziwa yasiyo na laktosi. Alikuwa ameyatafuta kwa bidii, na sikuwa na la kumjibu mpaka nilipouliza. Laktosi ni sukari. Mzio ni wa protini. Ukiondoa laktosi, protini inabaki palepale. Tena laktosi imejaa kwenye maziwa ya kila mama, kwa sababu titi huitengeneza lenyewe, hata la mama ambaye hajawahi kuonja maziwa ya mnyama maishani mwake. Mama yangu mzazi naye akashauri maziwa ya mbuzi. "Ni mepesi, mwanangu, hata wewe nilikupa." Lakini protini za maziwa ya mbuzi zinafanana na za ng'ombe kiasi kwamba mwili wa mtoto mwenye mzio kwa kawaida hauoni tofauti. Ya tatu yalikuwa maziwa ya soya, na hayo niliyaleta mimi. Niliyaona salama kabisa. Nilikuwa nakunywa glasi tatu kwa siku, zaidi ya nilivyowahi kunywa maziwa ya ng'ombe, nikiamini ninajazia nilichokosa.

Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu soya, nami sikuuliza. Katika aina hii ya mzio wa utumbo, soya ni mtuhumiwa anayefuata nyuma ya maziwa, na wapo watoto wanaosumbuliwa na vyote viwili kwa pamoja. Laiti ningelijua sentensi hiyo moja tu.

Kusoma lebo nilijifunza kwa kukosea. Siagi, jibini, mtindi na krimu hizo kila mtu anazijua. Sikujua kwamba unga wa maziwa unaweza kuwamo kwenye mkate, soseji, supu ya pakiti, hata kwenye chipsi zilizotiwa ladha. Sikujua kuwa kaseini, kaseineti na wei yote ni maziwa kwa jina jingine. Na nilijifunza kusoma lebo kila ninaponunua, hata ya bidhaa niliyoinunua wiki iliyopita, maana mtengenezaji anaweza kubadilisha viambato bila kubadilisha rangi ya pakiti. Mkate niliokula siku tisa za mwanzo nikiamini ni unga na maji tu ulikuwa na wei. Nilikaa jikoni nimeushika, nikalia.

Damu ilipungua, haikuisha. Siku mbili safi, siku ya tatu uzi mmoja. Siku ya 12 nikaona nyuzi mbili, na hapo ndipo nilipoacha kufuata agizo la daktari nikaanza kufuata hofu yangu. Kila mtu niliyeongea naye alikuwa na chakula chake cha kulaumu. Mmoja alisema mayai. Mwingine ngano. Dada yangu akasema samaki, jirani akasema nyanya na machungwa kwa sababu ya uchachu wake. Karanga, korosho na jamaa zake niliziondoa mwenyewe kwa kusikia tu neno mzio. Soya nayo niliiondoa siku zilezile, si kwa kuishuku, bali kwa kuwa nilikuwa naondoa kila kitu. Ndani ya wiki moja vyakula nilivyoacha vilifika tisa.

Baada ya siku nane nepi ikawa safi. Ya pili safi. Ya tatu safi. Nilimwita mume wangu aje aone nepi ambayo haikuwa na kitu cha kuonekana, tukakumbatiana.

Lakini sikujua ni kipi kati ya vile vilivyoondoka kilichoondoka na damu. Na kwa kuwa sikujua, sikuthubutu kurudisha hata kimoja. Kila chakula nilichokiacha kilikuwa sasa kimesimama mlangoni kama adui, nami ndiye mlinzi.

Niliishi hivyo wiki sita. Wali, viazi, kuku wa kuchemsha, karoti, boga, ndizi, na tena wali. Anayenyonyesha mtoto asiyekula kitu kingine huhitaji nguvu zaidi kuliko kabla ya mimba, kiasi cha kalori 500 hivi juu ya kawaida yake kwa siku, nami nilikuwa nakula chini ya kawaida yangu. Nilipungua kilo saba. Nikipanda ngazi na mtoto mkononi nilikuwa nashika ukuta. Saa tisa usiku, nikimnyonyesha, njaa ilikuwa inaniuma mpaka mikono inatetemeka, na ndani ya nyumba hakukuwa na kitu ninachokiamini ambacho hakihitaji kupikwa.

Mwili ulikuwa nusu tu ya mateso. Nilikuwa nakagua nepi kwa tochi. Nilikuwa nachukia kumwona mume wangu akila mkate mbele yangu, kisha nachukia kumwona akila jikoni kwa kujificha. Niliacha kwenda mahali popote penye chakula cha watu. Mtu aliyeniambia "jikaze, ni kwa ajili ya mtoto" hakujua kuwa hilo ndilo nililokuwa nikijiambia kila saa, na kwamba lilikuwa linanimaliza. Mama anayepitia haya akajiona analia kila siku, au hana tena hamu ya kumshika mwanawe, tafadhali amwambie mhudumu wa afya kama anavyomwambia habari za damu. Mimi nilichelewa kusema, na sikupaswa kuchelewa.

Aliyenivusha ni mtaalamu wa lishe ambaye daktari alinipeleka kwake baada ya kuona uzito wangu. Nilikwenda na daftari nikijua atalisifu. Lilikuwa limeandikwa kwa usafi: tarehe, nilichokula, choo cha mtoto, mara ngapi, rangi gani. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kimya. Kisha akaniuliza, "Hapa uliondoa vyakula vinane kwa wiki moja. Damu ikakoma. Nani aliyeikomesha?" Sikuwa na jibu. Akageuza kurasa zilizofuata. "Na hapa, wiki sita, hujarudisha hata kimoja. Kuondoa ni swali, dada. Umeuliza swali, halafu hukusubiri jibu."

Akanieleza kitu ambacho sasa ninamweleza kila anayeniuliza. Nepi kuwa safi baada ya kuacha chakula si ushahidi kamili. Utumbo wa mtoto hukua, na watoto wengine damu hukoma yenyewe hata mama asipobadilisha chochote. Ushahidi ni pale chakula kinaporudi na damu ikarudi nacho. Kikirudi na damu isirudi, chakula hicho kilionewa, na mama anakirudisha sahanini mwake siku hiyohiyo kwa moyo mweupe.

Tulipanga foleni. Kwanza vile ambavyo havikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na kosa na ambavyo mwili wangu ulivihitaji zaidi, mwisho watuhumiwa wakubwa. Kimoja kwa wakati. Siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu kiasi cha kawaida cha mtu mzima, kisha naendelea nacho mpaka wiki iishe, kwa sababu mzio wa aina hii hauji kwa dakika. Unaweza kuchukua siku mbili tatu kujionyesha. Wiki ambayo mtoto ana homa, au amepata chanjo, au tuko safarini, haturudishi kitu. Na daftari liendelee, ila kwa mistari miwili tu kwa siku. Tochi aliniomba niiache.

Ngano ilikuwa ya kwanza. Asubuhi ile nilikaa mezani na kipande cha mkate, wa lebo niliyoisoma mara nne, nikashindwa kukila. Mume wangu akakata kingine, akakaa mbele yangu, tukala pamoja. Siku tatu nilisubiri kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Hakuna kitu. Siku ya saba, hakuna kitu. Nilikuwa nimekaa bila ngano wiki sita bure, na furaha niliyoipata ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kuhesabu hasara.

Nyanya na machungwa vilipita haraka, wala sina la kusimulia. Samaki vivyo hivyo.

Mayai yalinitikisa. Siku ya pili nepi ilikuwa na kamasi, nami papo hapo nikasema basi, ni mayai. Nilimpigia mtaalamu nikiwa nimeshayatupa yaliyobaki. Akaniuliza mtoto ana mafua? Alikuwa nayo, tangu juzi yake. Mtoto mdogo hajui kutema kamasi, akasema, anaimeza, nayo inatoka upande wa pili. Nepi moja si hukumu. Nisubiri apone, nianze upya. Baada ya siku kumi nikaanza upya, nikala mayai wiki nzima, na choo kikabaki kizuri. Kama ningesimama pale kwenye nepi moja, mwanangu angekua akiitwa mtoto wa mzio wa mayai bila kuwa nao, na kwa mtoto jina kama hilo halitoki kirahisi. Analibeba shuleni, analibeba kwenye sherehe za wenzake.

Karanga zikarudi, korosho na jamaa zake zikarudi. Ikafika zamu ya soya. Nilijua, ingawa sikutaka kusema. Siku ya kwanza nusu glasi, ya pili glasi, ya tatu asubuhi nyuzi zilikuwa pale, nyekundu kama zile za usiku wa kwanza. Cha ajabu ni kwamba sikulia. Nilikaa sakafuni kando ya mtoto nikaona picha nzima: zile siku 12 nilizodhani kuacha maziwa hakusaidii, zile glasi tatu kwa siku. Nilikuwa nimeziba tundu moja na kulifungua jingine kwa mkono uleule. Vile vyakula saba vyote nilivyovifukuza baada ya hapo vilikuwa vinalipa deni la soya.

Tulisubiri wiki mbili utumbo utulie, kisha maziwa ya ng'ombe. Siku ya pili damu ilirudi. Basi, vikawa viwili. Niliandika majina yao kwenye ukurasa mpya, maziwa na soya, na ukurasa ule ulionekana mweupe sana.

Watu waliniuliza kwa nini tulihangaika hivyo badala ya kumpima mtoto damu. Nami niliuliza hivyo hivyo. Vipimo vya damu na vile vya kuchomachoma ngozi hutafuta kingamwili ya mzio wa ghafla. Mzio wa utumbo kama wa mwanangu haupiti njia hiyo, kwa hiyo kipimo kingeweza kusema hana kitu huku nepi inasema anacho. Kwa mzio huu kipimo kilichokuwepo kilikuwa ni sahani yangu na subira.

Na si kila mtoto anayelia ana mzio. Nasema hili kwa sababu rafiki yangu, baada ya kusikia habari zangu, aliacha maziwa, ngano na mayai kwa kuwa mwanawe analia jioni kuanzia saa moja hadi saa nne. Hakuna damu, hakuna ukurutu, uzito unapanda vizuri. Kilio cha watoto wachanga huongezeka hadi karibu wiki ya sita, kisha hushuka taratibu, na wengi hutulia wakifika miezi mitatu au minne. Mwanawe alitulia kwa wakati huohuo, na yeye akaamini ni kwa sababu ya ngano. Nilimwomba arudishe. Alirudisha, mtoto hakuwa na habari. Akina mama wananyimwa chakula kwa urahisi sana, na mara nyingi wanajinyima wenyewe kwa sababu kujinyima kunaonekana kama upendo.

Kwa hivi viwili vilivyobaki, kuishi navyo haikuwa shida kubwa tena. Daktari aliniandikia vidonge vya kalsiamu, miligramu 1,000 kwa siku, pamoja na vitamini D, kwa kuwa mwili wa mama huchota kwenye mifupa yake kile ambacho sahani haileti. Nilihamia maziwa ya oti yaliyoongezwa kalsiamu, na niliambiwa nilitikise boksi kabla ya kumimina maana kalsiamu hutuama chini. Glasi ya juu inaweza kuwa maji matupu ya oti. Mafuta ya soya yaliyosafishwa sana na lesithini ya soya, kiambato cha kuchanganyia mafuta na maji, niliambiwa nisihangaike navyo, protini iliyobaki humo ni kidogo, na kwetu kweli havikuleta kitu. Hilo peke yake lilinirudishia nusu ya vitu vya dukani. Mtoto alipimwa wingi wa damu akiwa na miezi minne, kwa sababu kutoka damu kidogo kwa muda mrefu kunaweza kumpunguzia madini ya chuma. Alikuwa sawa. Kilo zangu nne zilirudi bila kuzitafuta.

Alipofika miezi sita, wakati wa kuanza chakula, hofu ya zamani ilirudi. Nilitaka kumpa viazi mpaka afikishe mwaka. Mtaalamu wa lishe akakataa katakata. Zamani wazazi walishauriwa kuchelewesha vyakula vya mzio, akasema, lakini utafiti uliofanyika Uingereza kwa watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa, na matokeo yake kutolewa mwaka 2015, ulionyesha kinyume: walioanza kula karanga mapema, kati ya miezi 4 na 11, walipata mzio wa karanga kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Hivyo mayai yaliyoiva vizuri na karanga, iliyosagwa laini na kuzimuliwa, kamwe si karanga nzima ambayo inaweza kumkaba, viliingia kinywani mwake mapema, kimoja kimoja. Vilikuwa vyakula ambavyo mimi nilikuwa nikivila kwa miezi, na kwa hiyo mkono haukunitetemeka sana nikishika kijiko.

Ule mwezi wa mayai na ile nepi ya kamasi ulinirudia siku ile. Kama ningeyatupa mayai moja kwa moja, nisingethubutu kumpa.

Kwenye miezi 12 daktari aliruhusu kupanda ngazi ya maziwa, mimi na mtoto pamoja. Ngazi huanza na kitu kilichookwa muda mrefu kwenye moto mkali, maziwa yakiwa kidogo na yamechanganyika na ngano, kwa sababu moto hubadilisha umbo la baadhi ya protini na mwili huzipokea kwa urahisi. Biskuti kwanza. Kisha keki. Kisha chapati ya maji yenye maziwa, jibini iliyookwa, mtindi, na juu kabisa glasi ya maziwa. Hatua moja kwa wiki, na ukiteleza unashuka hatua moja tu, si kurudi chini kabisa. Tuliteleza kwenye jibini. Siyo damu, ni siku tatu za kamasi na usingizi mbaya. Tukashuka, tukakaa kwenye chapati wiki sita, tukapanda tena, na mara ya pili jibini ikapita kama maji.

Mtindi aliula akiwa na miezi 15, jioni, kwa mkono, mpaka kwenye nyusi. Niliandika kwenye daftari: mtindi, vijiko vinne. Kesho yake: choo kizuri. Siku ya tatu: choo kizuri. Siku ya nne nikasahau kuandika.

Soya bado. Tuliijaribu kwenye miezi 16 tukaona nyuzi, tukaacha, na daktari amesema tutaijaribu tena baada ya miezi sita. Tarehe imo kwenye daftari, na safari hii niliziandika nusu zote mbili.